Precious Kabula Luhaga na Herufi za Karani

Siku ya Jumatano, tarehe 3 Machi 1999, saa mbili na robo asubuhi, katika zahanati ya misheni iliyoko Ilemela, alizaliwa Precious Kabula Paulo Luhaga, mtoto wa tatu kati ya watoto wanne wa Bwana Paulo Luhaga, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, na Bi. Paskazia, ambaye mnamwona ameketi kwenye mkeka hapo mbele, na jina la Kabula alipewa na bibi yake kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha tangu Jumatatu bila kukatika, maji yakiteremka kati ya mawe ya kilima chetu hadi mlangoni.

Baba Paroko, ndugu, jamaa, majirani, na nyote mliokuja kutufariji, kamati ya mazishi ilipendekeza historia hii isomwe na mtu mwingine, kwa kuwa si desturi mzazi kumsomea mwanawe, nami nikaomba nafasi hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tarehe zote ninazo mimi. Ya pili ni sahihisho moja, ambalo nitalitoa mwishoni kabla sijaketi, na ambalo hakuna mtu mwingine anayeweza kulitoa.

Cheti cha kuzaliwa cha marehemu kilitolewa tarehe 19 Aprili 1999 kikiwa na jina "Ruhaga", nikakirudisha mara tatu, hadi kikarekebishwa tarehe 7 Juni mwaka huohuo, na siku hiyo ofisa aliyekuwa zamu aliniuliza, "Bwana Luhaga, kwani L na R wamekukosea nini?", nami nikamjibu kwamba herufi moja ikibadilika, mtu naye amebadilika. Sisi tuliolelewa kwa Kisukuma tunajua kwamba herufi hizo mbili mdomoni mwetu hulala kitanda kimoja, na mimi nilichapwa viboko kwa ajili yake nikiwa darasa la tatu, mwaka 1963, ndiyo maana nilijifunza kuzitenganisha kwa mkono hata pale ulimi uliposhindwa, na katika miaka thelathini na saba ya ukarani wa masjala, kuanzia tarehe 1 Julai 1976 hadi tarehe 30 Juni 2013 nilipostaafu, sikurudishiwa barua hata moja kwa kosa la tahajia. Nayasema haya si kwa kujisifu, bali kwa sababu yatahitajika mbele.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza siku ya Jumatatu, tarehe 9 Januari 2006, katika Shule ya Msingi Mawe Matatu, akahitimu darasa la saba mwezi Septemba 2012, na katika ripoti ya darasa la tano, ambayo ninayo, mwalimu wake aliandika, "Ni mtoto mtiifu, ila anachora katika madaftari ya wenzake." Nilimwadhibu kwa hilo. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba wenzake walikuwa wakimpa madaftari wenyewe, wakipanga foleni, kila mmoja akitaka jina lake liandikwe juu ya jalada kwa herufi zenye kivuli, na kwamba alikuwa akiwauliza kwanza, "Unaandikaje jina lako? Nitajie herufi moja moja."

Aliendelea na sekondari kuanzia Januari 2013, akahitimu kidato cha nne Novemba 2016 kwa daraja la tatu, pointi ishirini na tatu, na kwa agizo langu, si kwa matakwa yake, alisoma kozi ya uhazili mwaka 2017, akaimaliza siku ya Ijumaa, tarehe 15 Desemba, akaja nyumbani, akaweka cheti mezani mbele yangu kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo baba. Hiki ni chako. Sasa naomba changu."

Hicho alichokiita chake kilikuwa nafasi katika chuo kimoja cha jamii huko Nyegezi, kilichokuwa kikifundisha sanaa za michoro na uchapishaji kwa miaka miwili, kozi ambayo mimi niliihesabu kuwa mchezo wa watoto uliopewa ada. Hata hivyo nilihudhuria siku ya wazazi, Jumamosi tarehe 11 Agosti 2018, nikasimama mbele ya watu wote nikauliza kama kuchora kunaweza kumweka mtu mjini, na Mwalimu Odeta, aliyekuwa mkuu wa idara hiyo, mama mfupi mwenye wino kwenye kucha, akanijibu, "Shikamoo mzee. Hiyo kalenda uliyoibana kwapani, unadhani ilijipanga yenyewe?" Wazazi wakacheka, nami nikaketi. Kisha akatueleza kwa utulivu wanakokwenda wahitimu wake, kwamba wako katika viwanda vya uchapaji, wako magazetini, wako wanaotengeneza lebo za vifungashio vya dagaa na samaki, mabango ya maduka, fulana, vitabu vya shule, na wako wanaofanyia kazi kampuni za mbali wakiwa vyumbani mwao na kompyuta moja, akasema pia, bila kuficha, kwamba wako waliohitimu vizuri na leo wanauza vocha, kwa sababu katika kazi hii mtu hana mali nyingine ila jina lake, na jina likichafuka halisafishwi na cheti. Maneno hayo niliyaandika nyuma ya kalenda.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia bado sijaridhika, naye akanijibu neno ambalo mama yake analikumbuka pia, "Baba, wewe ulilipwa miaka thelathini na saba kwa kuandika vizuri. Mimi naomba kitu hichohicho, ila kwa rangi."

Alianza masomo siku ya Jumatatu, tarehe 3 Septemba 2018, akahitimu siku ya Ijumaa, tarehe 27 Novemba 2020, pamoja na kwamba vyuo vilifungwa kwa miezi miwili na nusu mwaka huo, na miezi hiyo aliyokuwa nyumbani ndiyo aliyoitumia kutengeneza kazi yake ya kuhitimu. Aliniomba niketi mezani, akanipa karatasi nyeupe na kalamu yangu ya wino, akasema niandike alfabeti nzima, kubwa na ndogo, na tarakimu zote, kama nilivyokuwa nikiandika kwenye majalada ya masjala, nikaandika, naye akazichukua herufi zile moja baada ya nyingine, akazisafisha kwenye kompyuta, akazipa uzito na nafasi, hadi zikawa seti kamili ambayo mtu yeyote angeweza kuchapa nayo, na L yangu, ambayo tangu ujana wangu ina mkia unaopinda chini kulia, aliiacha na mkia wake. Seti hiyo aliiita Herufi za Karani. Mwalimu Odeta aliipa alama tisini na moja, na ratiba mliyoishika mikononi mwenu leo imechapwa kwa herufi hizo.

Kuhusu kazi, marehemu aliajiriwa siku ya Jumatatu, tarehe 11 Januari 2021, katika kiwanda cha uchapaji cha Bwana Chetan Natvarlal hapa mjini, akianza kama kibarua wa kukata karatasi, kisha akapewa kompyuta, na dada yake Bwana Chetan, Bi. Hetal, ambaye yuko nasi, alimfundisha kuitambua rangi kabla haijakauka, jambo ambalo marehemu alisema halikuwemo katika kitabu chochote cha chuo. Alipanga kadi za harusi, kalenda za shule, vitabu vya nyimbo vya kwaya, na lebo za dagaa ambazo baadhi yenu mnazo jikoni bila kujua ni za nani. Kila Ijumaa alileta nyumbani nakala za majaribio, nami nilizisoma kwa kalamu nyekundu, na iliyokuwa safi niliiandikia chini, "Nimekagua", nikatia tarehe na sahihi, naye akawa akiwaambia wenzake kazini, "Ikishapita kwa mzee, pigeni mashine." Nakiri mbele yenu kwamba miaka ile miwili na miezi tisa ndiyo niliyoifurahia kuliko yote tangu nistaafu.

Mwezi Septemba 2023 Bwana Chetan alimwahidi mkataba wa kudumu, wenye bima ya afya, uwekwe sahihi siku ya Jumatano, tarehe 1 Novemba.

Hapo katikati ikaja kazi ya mgombea mmoja wa uenyekiti wa ushirika wa wafanyabiashara wa dagaa, ambaye alizipenda Herufi za Karani, lakini hakutaka zipangwe moja moja, alitaka mstari mzima ulioandikwa kwa mkono, herufi zikishikana, ili wapiga kura waone kama barua aliyowaandikia mwenyewe, na mstari wenyewe ulikuwa kumwomba mwanachama kura yake. Mstari uliandikwa siku ya Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 2023, ukakaguliwa, ukatiwa tarehe, ukapelekwa kiwandani, na siku ya Jumanne, tarehe 17 Oktoba, mabango kumi na mawili, kila moja likiwa na urefu wa mita nne, yakatundikwa kuanzia Mabatini hadi mwaloni, dagaa wanakoshushwa, yakisema, "Ndugu mwanachama, nipe kula yako."

Ilichukua chini ya saa moja. Wanawake wanaoanika dagaa walikuja ofisini kwa mgombea wakiimba, mbele yao mmoja amebeba sinia la ugali kichwani, akasema, "Mheshimiwa, umeomba kula, tumekuletea kula, kunja shati," na mwingine akadakia, "Kumbe mwaka huu inagombea njaa!", na watu wakapiga picha, na picha zikafika simu zote za mji huu kabla ya adhuhuri. Uchaguzi ulifanyika Jumamosi, tarehe 21 Oktoba, mgombea akapata kura sitini na moja dhidi ya mia mbili arobaini na nane.

Siku ya Jumatatu, tarehe 23 Oktoba, mgombea akiwa amekaa hapo ofisini na wapambe wake, Bwana Chetan aliuliza, "Precious, nani alipitisha hii kitu?", marehemu akajibu, "Mimi, bosi," akaulizwa karatasi ya asili iko wapi, akajibu imepotea. Bwana Chetan ameniambia juzi kwamba alisubiri kwa muda mrefu aongeze neno, na kwamba kama angeongeza neno moja tu, angepata pa kumshikia. Hakuongeza. Mkataba haukuwekwa sahihi.

Tangu hapo marehemu alijiajiri katika chumba kimoja huko Mabatini, lakini jina lilikuwa limetangulia, na wateja waliingia wakicheka, "Dada, wewe ndiye wa kula?", wengine wakampa kazi kisha wakarudi kuchukua pesa zao, wengine wakataka kila neno alitaje kwanza kwa sauti, naye alikuwa akilitaja, L na R kila moja mahali pake, kwa sababu katika familia nzima ni yeye peke yake aliyeweza.

Kuhusu ndoa, marehemu hakufunga ndoa. Barua ya posa kutoka kwa Venant, aliyesoma naye chuoni, na ambaye ndiye aliyechapa ratiba ya leo, ilipokelewa nyumbani siku ya Jumapili, tarehe 14 Januari 2024, ikajibiwa kwa kukubaliwa tarehe 28 Januari, na harusi ikapangwa mwezi Julai, haikufanyika. Hakujaliwa mtoto.

Kuhusu ugonjwa, miguu ilianza kuvimba mwezi Novemba 2023, akawa anasema ni kukaa kwenye kiti, na alifika hospitali kwa mara ya kwanza siku ya Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, akiwa hawezi tena kufunga viatu, akaambiwa figo zote mbili zimechoka, na kwamba angeonekana mapema ingesaidia. Kati ya tarehe 1 Novemba 2023 na tarehe 9 Aprili 2024 hakuwa na bima. Sisemi zaidi ya hizo tarehe.

Alianza kusafishwa damu siku ya Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, kila Jumatatu na kila Alhamisi, na hadi Jumatatu ya wiki hii alikuwa amesafishwa mara mia moja na ishirini na mbili, akikosa mara tatu, na zote nimeziandika katika daftari, saa ya kuingia na saa ya kutoka, uzito kabla na uzito baada, kwa sababu mtu aliyekaa kwenye benchi nje ya mlango ule hana kingine anachoweza kufanya. Nilijitolea figo, nikakataliwa kwa sababu ya umri wa miaka sabini na moja na shinikizo la damu. Kaka yake alijitolea, damu ikakataa. Mama yake alijitolea, akakutwa na sukari. Tulirudi nyumbani sote watatu tukiwa wazima, hilo ndilo lililokuwa gumu.

Siku moja hapo kwenye benchi, tarehe 6 Machi 2025, nilimwambia kwamba nataka kwenda kwa Bwana Chetan kusema jambo, naye akanishika mkono kwa mkono usio na sindano, akasema, "Baba, acha. Mimi nikipona nitapata jina jingine. Wewe lako limeshamaliza kazi, liache lipumzike." Nami nilimtii. Nilikuwa mzazi, na ningeweza kutokumtii.

Marehemu alifariki dunia siku ya Jumatano, tarehe 13 Agosti 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika hospitali ya rufaa hapa Mwanza, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, miezi mitano na siku kumi, mama yake akiwa amemshika miguu, ambayo asubuhi hiyo haikuwa imevimba.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao walimwita kwa jina na si kwa namba ya kitanda, kwa majirani wa kilimani kwetu, waliopandisha maji na kuni juu ya mawe bila kuombwa, kwa Mwalimu Odeta na wanachuo waliosoma na marehemu, kwa Bwana Chetan, Bi. Hetal na wafanyakazi wao, waliozima mashine leo ili wawe hapa, kwa Venant, na kwa watani wetu, ambao wameifanya kazi yao kama mila inavyowataka. Mwanangu Kabula, kazi yako imepita, haina alama nyekundu hata moja, lala salama mikononi mwa Mungu aliyekuita.

Sasa sahihisho.

Jana, Ijumaa tarehe 15 Agosti, saa nane mchana, mtani wetu Ndugu Nestory aliingia chini ya turubai akiwa na sahani ya ugali, akaiweka karibu na picha ya marehemu, akasema, "Precious, mwanafunzi wa chuo, uliyesoma miaka miwili usijue L na R, kula yako hii hapa!", watu wakacheka, hata mama yake akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Utani ni haki yake, na sina ugomvi naye, alisimulia kile ambacho mji mzima unasimulia. Lakini masimulizi hayo yana kosa.

Karatasi ya tarehe 12 Oktoba 2023 haikupotea. Nimeikuta juzi, Alhamisi, ndani ya jalada lake, imekunjwa mara moja tu, nami ninayo hapa mfukoni kwa yeyote atakayetaka kuiona. Mstari ule niliuandika mimi, mezani kwangu, nikiwa natamka huku naandika, na mkono, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1963, ukafuata ulimi. Chini yake nimeandika, "Nimekagua", na sahihi ni yangu. Yeye hakuusoma tena, kwa sababu ulishapita kwa mzee. Nililitambua kosa siku ileile ya Jumanne, nikiwa nimesimama chini ya bango la Mabatini, nikiitazama L yenye mkia, na nimenyamaza mwaka mmoja, miezi tisa na siku thelathini. Bi. Paskazia, nawe unasikia leo pamoja na wengine, nisamehe. Kwenye karatasi hiyo, juu ya herufi yangu, marehemu ameandika r ndogo kwa penseli, nyepesi sana, bila neno jingine.

Kwa hiyo, katika masimulizi ya Ndugu Nestory, na ya mtu mwingine yeyote kuanzia leo, palipotajwa jina la Precious, pasomeke Paulo.